Wipeti Mchanga Katika Fleti ya London

Kijitabu kwa wafugaji wa mbwa wanaosoma Kiswahili

Saa kumi na moja alfajiri, mwezi wa Januari, lifti ya jengo letu huko Woolwich inateremka na abiria wawili: mimi niliyevaa koti juu ya kanga, na mbwa wa wiki tisa niliyemfungia ndani ya koti hilohilo, kichwa tu nje. Tunatoka ghorofa ya sita. Namwomba kimoyomoyo asikojoe kabla mlango wa chini haujafunguka. Siku nyingine anakubali. Siku nyingine narudi juu na kitambaa, napiga deki lifti haraka kabla majirani wa zamu ya asubuhi hawajaanza kushuka.

Mbwa huyo ni wipeti, jike, na wanangu walimpa jina la Mshale. Kijitabu hiki kimetokana na mwaka wake wa kwanza, pamoja na maswali ambayo wafugaji wenzetu hutuuliza mara kwa mara. Swali la kwanza huwa lilelile: mbwa wa mbio ataishije kwenye vyumba viwili na sebule? Ataishi vizuri, tena kuliko mbwa wengi wenye miguu mifupi na sauti ndefu. Taabu ya wipeti wa mjini haimo ndani ya fleti. Imo mlangoni: jinsi anavyotoka, anachokiona akishatoka, na anachokifanya ukimfungia ukaenda zako.

Mbwa wa wachimba makaa

Wipeti walipata umbo lao kaskazini mwa England katika karne ya 19, mikononi mwa wachimba makaa ya mawe na wafumaji wa Durham, Yorkshire na Lancashire. Watu hawa hawakuwa na uwezo wa kufuga farasi wa mbio, wakajitengenezea wa kwao kutoka kwa greihaundi wadogo. Siku ya mapumziko walikusanyika kwenye njia iliyonyooka ya yadi 200, karibu mita 180. Mmoja alisimama mwisho wa njia akipunga kitambaa na kumwita mbwa wake kwa makelele. Mwenzake alimshika mbwa huyo mwanzoni, mkono mmoja shingoni na mwingine karibu na mkia, na ishara ikitolewa alimrusha mbele. Mbio zilimalizika kwa sekunde kumi na kitu, kisha mbwa akarudishwa kwenye nyumba finyu iliyojaa watoto. Kennel Club ya Uingereza ilimtambua rasmi kuwa aina ya peke yake mwaka 1891.

Kwa hiyo udogo wa nyumba si jambo geni kwake. Dume aliyekomaa husimama sentimita 47 hadi 51 begani, jike 44 hadi 47, na wengi wana kilo kati ya 10 na 15. Akifyatuka hupita kilomita 50 kwa saa, na katika kila hatua miguu yote minne huachana na ardhi mara mbili, mara moja mwili ukiwa umenyooka na mara moja ukiwa umejikunja. Kisha hulala. Mshale anatumia sehemu kubwa ya siku akiwa mto wa ziada kwenye kochi, na mgeni asiyejua anaweza kumkalia.

Ila utulivu huo unaosifiwa ni wa mbwa mzima. Wipeti wa miezi mitano hutafuna waya wa simu, huzunguka sebule kama pia saa tatu za usiku, na huiba soksi kwa ustadi wa kibaka wa sokoni. Anayemchukua kwa kutegemea picha ya mbwa aliyelala ajue kwamba picha hiyo itamfikia baada ya mwaka mmoja, pengine miwili.

Kabla hujamleta

Soma mkataba wa nyumba. Kuanzia tarehe 1 Mei 2026, Sheria ya Haki za Wapangaji ya mwaka 2025 inampa aliyepanga kwa mtu binafsi ndani ya England haki ya kuomba ruhusa ya kufuga, na mwenye nyumba hawezi kukataa bila sababu ya maana. Ombi liwe la maandishi, na jibu nalo lije kwa maandishi, kwa kawaida ndani ya siku 28. Nyumba za halmashauri na za mashirika ya nyumba zina taratibu zao. Hata aliyenunua fleti yake asijione huru: mikataba mingi ya majengo ya ghorofa inamtaka mkazi apate kibali cha mmiliki wa jengo zima.

Swali gumu zaidi halimo kwenye mkataba. Wengi wetu tunafanya kazi za zamu, kwenye kutunza wazee, hospitalini, kwenye maghala au kuendesha magari. Kama watu wazima wote wa nyumba hutoka saa moja asubuhi na kurudi saa kumi na mbili jioni, na hakuna jirani wala ndugu wa kupita mchana, ushauri wetu ni kwamba usichukue mtoto wa mbwa mwaka huu. Tunajua watoto watanuna.

Ukinunua, mwone mtoto akiwa na mama yake, pale alipozaliwa. Tangu tarehe 6 Aprili 2020 ni kosa nchini England kwa mfanyabiashara kuuza watoto wa mbwa walio chini ya miezi 6 ambao hakuwazalisha mwenyewe. Muuzaji akitaka mkutane kwenye maegesho ya kituo cha mafuta, usiende. Mtoto asiondoke kwa mama kabla ya wiki 8, na akifikisha umri huo anatakiwa awe ameshawekwa chipu chini ya ngozi. Hakikisha taarifa za chipu zinabadilishwa kuwa za kwako. Asiyetimiza sharti la chipu anaweza kutozwa faini hadi pauni 500, na kubwa kuliko faini ni kwamba mbwa wako akiokotwa, simu italia kwa mtu mwingine.

Kukojoa kutoka ghorofa ya sita

Mtoto wa wiki nane hawezi kujizuia zaidi ya saa mbili hivi, na baada ya kuamka, kula au kucheza hawezi kabisa. Mwenye nyumba ya chini hufungua mlango wa uani na kazi imekwisha. Wa ghorofani ana funguo, ushoroba, lifti, mlango mkubwa, na kwetu sisi yote hayo ni dakika nne kama lifti ni nzima. Hesabu dakika zako, kisha mtoe kabla hajaonyesha dalili. Ukimsubiri aanze kunusa huku akizunguka, umechelewa. Mbebe mpaka majanini. Akiwa mikononi mara nyingi hujizuia.

Wapo wafunzaji wasiotaka kusikia habari za pedi za mkojo, kwa hoja kwamba zinamfundisha mbwa kwamba ndani ni choo. Wanaoishi ghorofa ya chini wana haki ya kusema hivyo. Sisi tunasema zitumie wiki za kwanza, karibu na mlango wa kutokea, au weka trei ya nyasi halisi barazani, kisha uziondoe pole pole. Na ile desturi ya kumsugua mbwa pua kwenye mkojo wake iachwe ilikotoka. Anachojifunza ni kukuogopa, na kesho atakojoa nyuma ya kochi usipomwona.

Katika wiki hizo bado hajakamilisha chanjo dhidi ya parvo, distempa, homa ya ini na leptospira. Hutolewa mara mbili, ya kwanza karibu na wiki ya nane na ya pili wiki chache baadaye, na mpaka daktari akuruhusu usimtembeze mahali mbwa wengine wanapopita. Lakini usimfungie ndani. Umri wa kuizoea dunia bila hofu huanza kujifunga anapofika wiki 12 hadi 14, na mbwa wa London ana mengi ya kuzoea: ving'ora, basi linalotoa pumzi likisimama, pikipiki za kupeleka chakula, watu wenye helmeti, mvulana mwenye ubao wa magurudumu. Mtie kwenye mfuko wa kifuani kama mtoto mgongoni, mkae dakika kumi karibu na kituo cha treni, mtazame watu. Kwenye treni za chini ya ardhi mbwa wanaruhusiwa, ila kwenye ngazi za umeme abebwe. Meno ya ngazi hizo hukata kucha na vidole, kwa hiyo endelea kumbeba hata akiwa mkubwa.

Ndani ya nyumba, adui ni sakafu. Sakafu za kisasa zinateleza kama barafu na miguu ya wipeti ni myembamba kama fito. Mkeka uliotoka nao nyumbani unapendeza, lakini ukiutandika bila mpira chini unageuka mtego. Ncha za mifupa yake zinaendelea kukua mpaka karibu na mwaka mmoja, hivyo asiruke kutoka kitandani wala mgongoni mwa kochi, na ngazi apandishwe. Utasikia kanuni ya kumtembeza dakika 5 kwa kila mwezi wa umri wake. Hiyo ni kanuni ya mazoea, haina uzito wa kitabibu, lakini haimdhuru mtu. Barazani angalia nafasi kati ya vyuma, na ondoa kiti kilicho karibu na ukingo. Akiona njiwa upande wa pili, hatakumbuka kwamba mko ghorofa ya sita.

Lifti ni ya wote

Jioni moja mlango wa lifti ulifunguka ghorofa ya tatu. Alikuwa amesimama bibi mmoja mzaliwa wa Lamu, mtandio kichwani, mkoba wa dawa mkononi. Mshale akanyoosha shingo kumnusa.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Nina udhu, tangulieni tu."

"Tutashuka sisi bibi, ingia wewe."

"Na huyo mguu wote ule utapanda ngazi?" Akacheka, akarudi nyuma hatua mbili, mlango ukafunga.

Tuliokulia pwani hatuhitaji kuelezwa. Kwa wafuasi wa madhehebu ya Shafii mate ya mbwa ni najisi, na kilichoguswa nayo huoshwa mara saba, moja kwa udongo. Kwa bibi yule pua mbichi ya Mshale ina maana ya kubadili nguo na kuosha palipoguswa kabla ya magharibi. Hamchukii mbwa, siku ya pili aliniuliza kama amepona kikohozi. Wapo pia wanaoogopa mbwa kwa sababu waliumwa utotoni, na wapo watoto wanaopiga mayowe. Kwa hiyo ndani ya lifti mbwa akae kona ya mbali, wewe usimame kati yake na watu, kamba iwe fupi. Mlango ukifunguka na mtu akasita, sema wewe kwanza kwamba mtasubiri. Kinyesi kizolewe siku zote, hata usiku, hata mvua ikinyesha. Kwenye jengo lenye wakazi mia mbili, bonge moja lililoachwa kwenye bustani ya watoto huharibu jina la wafugaji wote.

Nyuma ya mlango uliofungwa

Wipeti habweki ovyo. Mlango ukigongwa huinua kichwa tu. Ndiyo maana majirani wengi hushangaa kusikia kilio chake, kwa sababu akiachwa peke yake kabla ya kuzoea hulia kama mtu, sauti ndefu inayopanda, na kuta za fleti hazizuii kitu. Aina hii ililelewa kwa kugusana na watu na wenzake. Ukienda kuoga atakungoja mlangoni.

Kumzoesha kunaanza na vitu vidogo kuliko unavyodhani. Chukua funguo, zitikise, ziweke mezani, kaa. Vaa viatu, kaa. Fungua mlango, ufunge ukiwa ndani. Siku nyingine toka, hesabu hadi tano, rudi kabla hajalia, wala usimsalimie kwa shangwe. Sekunde tano zikawa kumi, dakika, robo saa. Sisi ilituchukua wiki saba kufika nusu saa, na wiki ya nne nilirudisha kila kitu nyuma kwa sababu niliharakisha. Simu kuukuu iliyowekwa kwenye rafu kama kamera itakuambia ukweli ambao mbwa hakuambii ukirudi. Shirika la kutetea wanyama la RSPCA linashauri mbwa mzima asiachwe peke yake zaidi ya saa 4 mfululizo. Mtoto ni chini ya hapo sana. Kumwadhibu kwa kulia hakusaidii, anakuwa na hofu mbili badala ya moja.

Jirani akija kulalamika, mshukuru, mwombe namba ya simu, mwambie akutumie ujumbe kila akisikia. Wengi hutulia wakiona unajali. Kelele za mbwa zikizidi, halmashauri inaweza kutoa amri chini ya Sheria ya Ulinzi wa Mazingira ya mwaka 1990, na mkataba wa nyumba ukaingia hatarini. Mambo yakifika huko, mara nyingi utakuta miezi ilishapita watu wakipishana ngazini bila kuongea.

Mbio

Hapa ndipo watu wanapopoteza mbwa.

Wipeti huwinda kwa macho. Mbwa wengine hunusa, hufikiri, hufuata. Huyu huona kitu kinachotikisika mita mia mbili mbele na anakuwa ameshaondoka. Akiwa katika hali hiyo masikio yamefungwa. Si ukaidi, na kumpigia kelele kunakuchosha wewe tu. London imejaa vya kumwita: kindi wa kijivu kwenye kila mti, paka juu ya magari, mfuko wa plastiki unaopeperuka, na usiku mbweha.

Mshale alikuwa na miezi tisa tulipokutana na mbweha wetu wa kwanza, saa nne za usiku kwenye mapipa ya taka. Mbweha alikuwa na mfupa wa kuku mdomoni, akatutazama bila haraka. Nilikuwa nimeizungusha kamba mara moja tu kiganjani, mkono mwingine unatafuta funguo. Niliona mgongo wa mbwa ukijikunja kama upinde, kisha kamba ikapita kwenye kiganja ikaondoka na ngozi. Alifika mwisho wa kamba, akaruka juu, akaanguka chali, akapiga yowe ambalo lilifungua madirisha mawili. Hakuumia. Yowe la wipeti ni maarufu, hulitoa hata akikanyagwa ukucha, na mara ya kwanza utadhani amevunjika mguu. Mimi nilikaa na bendeji wiki nzima. Barabara ilikuwa mita thelathini kutoka pale.

Tangu hapo kwetu kuna sheria moja isiyojadiliwa: kamba hufungwa kabla mlango wa fleti haujafunguliwa na huvuliwa baada ya kufungwa. Kitanzi cha kamba hupita kwenye kifundo cha mkono, si viganjani. Kamba za kurefuka zenyewe hatuzitaki, maana zinampa mita tano za kukolea kasi kabla ya kukatwa ghafla na shingo yake. Kola ya kawaida nayo humvuka kichwani kwa urahisi, kwa kuwa kichwa cha wipeti ni chembamba kuliko shingo. Tafuta kola pana ya kujikaza kidogo anapovuta, au mkanda wa kifuani wenye mishipi miwili, mmoja nyuma ya mbavu za mwisho. Kwenye kola pawe na kibati chenye jina na anwani yako. Hilo ni takwa la sheria mbwa anapokuwa mahali pa umma, chipu haichukui nafasi yake.

Lakini lazima akimbie. Wipeti asiyefyatuka hata mara moja kwa siku kadhaa huipeleka nguvu hiyo kwenye mito ya sebule. Habari njema ni kwamba mahitaji yake ni mafupi: matembezi ya kawaida mara mbili kwa siku, na mara kadhaa kwa wiki dakika kumi au kumi na tano za mbio za kweli, akizunguka na kupumzika mwenyewe. Tafuta mahali palipozungushiwa uzio. Baadhi ya bustani za mjini zina ua wa mbwa, na pembezoni mwa London wakulima hukodisha viwanja vyenye uzio mrefu kwa nusu saa au saa nzima. Familia tatu mkichangia, gharama inakuwa nauli ya basi. Wipeti wakikutana wanne hakuna anayehitaji kurushiwa mpira.

Richmond Park ni pazuri, ila pana kulungu wapatao 630. Mwaka 2011 video ya mbwa mmoja aliyeitwa Fenton akikurupusha kundi lao, huku mwenyewe akikimbia nyuma na kuliita jina hilo kwa kukata tamaa, ilichekesha dunia nzima. Fenton alikuwa labrado. Wipeti angelifika kabla ya yule bwana hajafungua mdomo. Wanapozaa, kuanzia Mei, kulungu hushambulia mbwa hata aliyetulia. Mfunge kamba, au nenda kwingine.

Mwitio ufundishwe tangu siku ya kwanza, ndani ya nyumba, kwa filimbi na kipande cha kitu anachokipata kwa filimbi tu. Kwetu ni jibini. Piga, mpe, mwache aende zake. Usimwite ili kumfunga kamba na kwenda nyumbani kila mara, atashtukia. Akifika miezi sita au saba atasahau yote kwa muda, kama kijana yeyote, na utarudi kwenye kamba ndefu. Hata akikomaa, filimbi inamrudisha kutoka kwenye mchezo. Sungura akikatiza, hairudishi kitu. Karibu na barabara asiachiwe kabisa, awe na umri gani.

Jikoni na mbavu

Akisimama kwa miguu miwili, wipeti wa miezi kumi anafika juu ya kaunta bila jasho. Na jiko la Mswahili limejaa vitu vinavyomdhuru. Kitunguu, kibichi au kilichoiva, huharibu chembe nyekundu za damu, na kimo ndani ya kila mchuzi wetu. Zabibu kavu za pilau na biriani zinaweza kuua figo. Chokoleti, chingamu isiyo na sukari iliyotiwa zailitoli, na vidonge vya maumivu vya binadamu pia ni sumu kwake. Mifupa ya kuku iliyopikwa hupasuka vipande vikali. Sikukuu za Idi na Krismasi ndizo siku za kumweka mbwa chumbani wageni wakila, kwa sababu shangazi mwenye huruma atampa mfupa chini ya meza hata ukimkataza mara tatu. Wali mkavu au ugali kidogo hauna neno, ingawa si chakula cha kumkuza.

Utaulizwa barabarani kwa nini humlishi. Wipeti mwenye afya huonyesha mbavu mbili tatu za mwisho na ncha za nyonga, na tumbo lake limepanda juu. Usimnenepeshe ili kuwaridhisha wapita njia.

Baridi, fataki, daktari

Ana mafuta machache chini ya ngozi na manyoya yake ni kama ya panya. Desemba jua la London linazama kabla ya saa kumi alasiri, na mbwa anayetetemeka hatajisaidia. Atageuka kurudi mlangoni. Mnunulie koti linalofunika tumbo na mapaja. Sweta la ndani usiku linasaidia, la sivyo jiandae kumkuta ndani ya duveti yako, kichwa kwenye mto. Sisi tulishindwa vita hivyo Novemba.

Fataki hupigwa usiku wa tarehe 5 Novemba, na kwa kweli wiki nzima kabla na baada, na pia Diwali na mwaka mpya. Mtembeze mapema kabla ya giza, funga mapazia, washa redio, mtengenezee pango la mablanketi kwenye ushoroba usio na dirisha. Angalia mlango kila mgeni anapoingia. Mbwa wengi hupotea usiku huo.

Kwa daktari wa wanyama, sema kila mara kwamba ni mbwa wa jamii ya greihaundi, hasa kabla ya nusukaputi. Mwili wenye mafuta machache hushughulikia baadhi ya dawa za usingizi kwa namna tofauti, na daktari atachagua zinazomfaa. Moyo wake ni mkubwa kwa umbile lake, vipimo vya damu vinaweza kutoka nje ya viwango vya kawaida bila ugonjwa. Ngozi huchanika kwa mwiba mdogo. Weka chachi na bendeji nyumbani. Matibabu haya hayamo katika huduma ya NHS, na mguu uliovunjika unaweza kugharimu maelfu ya pauni, kwa hiyo kata bima akiwa bado mtoto, kabla hajawa na historia ya ugonjwa. Mwenye kipato kidogo anayepokea misaada ya serikali aulize PDSA, shirika lililoanzishwa na Maria Dickin mwaka 1917 katika chumba cha chini ya ardhi huko Whitechapel, mashariki mwa London, kwa ajili ya wanyama wa maskini.

Mkienda nyumbani likizo

Kichaa cha mbwa kilitokomezwa miongoni mwa mbwa wa Uingereza mwaka 1922, na chanjo yake si ya lazima kwa mbwa asiyesafiri. Kenya na Tanzania bado kipo. Anayetaka kwenda na mbwa Mombasa au Tanga azungumze na daktari miezi mingi kabla ya kukata tiketi. Ili mbwa aruhusiwe kuingia tena kutoka nchi hizo, awe na chipu, achanjwe, damu yake ipimwe siku 30 au zaidi baada ya chanjo, na kwa kawaida ipite miezi 3 tangu damu itolewe. Dawa ya tegu hutolewa kati ya saa 24 na 120 kabla ya kufika. Na ataingia kama mzigo, si kitini kwako. Kwa likizo ya wiki tatu, mwachie mtu anayemjua.

Akiponyoka

Usimkimbilie. Humpati, na unamfukuza mbali zaidi. Piga magoti au lala chini kabisa, geuza uso pembeni, piga filimbi. Wengi hurudi kuangalia umepatwa na nini. Asiporudi, acha nguo uliyoivaa pale alipoondokea, na mtu mmoja abaki hapo. Watu wanaomwona wasimwite, wapige picha na kukutumia. Toa taarifa kwa hifadhidata ya chipu, kwa halmashauri ya eneo lako na za jirani, na kwa kliniki zote za karibu. Halmashauri humhifadhi mbwa aliyeokotwa kwa siku 7, baada ya hapo anaweza kupewa mtu mwingine.

Jalada la nyuma lina nafasi ya kujaza: namba ya chipu, simu ya hifadhidata, simu ya daktari, simu ya zahanati ya wanyama ya usiku, na jina la jirani mwenye ufunguo wa akiba. Likate, libandike nyuma ya mlango, juu ya msumari unaotundika kamba.